Salongo ya Kuhamisha Seva

Kampuni iliyotengeneza programu ya seva yetu ilipobadilisha masharti yake, haikuwa ikituwaza sisi. Sisi tulikuwa depo ya dawa huku Nyakasanza, mtaa wa Bunia, vyumba vitatu na seva mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikila vumbi. Ndani ya ile iliyofanya kazi ndimo lilimokuwa daftari lote la depo: kila katoni ya dawa, imetoka wapi, muda wake unaisha lini, iko rafu gani. Ufunguo wa programu ulikuwa umeisha muda. Daftari lililokuwa limewashwa liliendelea kufunguka, lakini likizimika, haliwaki tena mpaka wenye programu waridhie. Hilo lilinichoma. Seva zetu, daftari letu, umeme tunauzalisha wenyewe kwa jenereta, halafu ruhusa iko kwa mtu asiyejua hata Bunia iko wapi.

Nikaamua tuhamie programu huria, ile ambayo yeyote anaweza kuichukua na kuitumia bila kuomba ufunguo. Wiki tatu niliijaribu kwenye seva ya vumbi. Kisha nikamwendea mwenye depo, mama mjane aliyehamia kutoka Butembo, mwanamke asiyependa maelezo marefu.

"Nakupatia Jumamosi moja, papa," alisema. "Saa ine ya asubui watu ya Mongbwalu iko ku mulango, banangojea dawa. Kama daftari haiko, weye pia hauko."

Nilichagua Jumamosi kwa sababu ya salongo. Asubuhi hiyo mji mzima unafagia barabara na kuzibua mitaro, na maduka hayafunguliwi mpaka saa nne. Saa moja nilianza kulihamisha daftari. Nilikuwa nimewaarifu wote, isipokuwa mlinzi. Nilimwona mzee wa geti tu, haya mambo yanamhusu nini?

Saa mbili, salongo ilipoanza, jenereta ikanyamaza. Betri ya akiba ikapiga kelele dakika chache, nayo ikafa.

Nilitoka mbio. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ametulia kabisa. "Nimezima grupu," alisema. "Siku ya salongo haipaswe kulia. Bakiisikia, banasema siye tunauzisha kwa siri, banafunga depo."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi. Mwenye duka yeyote Bunia anajua kwamba jenereta inayonguruma wakati wa salongo inamwita chefu, yule mkuu wa mtaa. Mimi peke yangu ndiye niliyesahau.

Mama alikuwa mtaroni na jembe lake. Nilimweleza.

"Ile ya zamani?"

"Haitawasha daftari tena, mama. Lakini daftari yenyewe iko ndani, nzima. Naweza kuikopi."

"Na ile mupya?"

"Imepata nusu tu. Inabidi nianze upya."

Akaliegemeza jembe ukutani. "Basi anza."

Akaenda mwenyewe kumwita chefu, akafungua milango yote miwili ya depo, akaamuru jenereta iwashwe. Chefu akaketi juu ya katoni ya seramu, yale maji ya dripu, akitafuna karanga, kuhakikisha hakuna kidonge kinachouzwa. Majirani wenye mafagio wakasimama barazani wakinitazama kama mtu anayeng'olewa jino. Nilianza upya. Nilikuwa naogopa sana, lakini pa kurudi hapakuwepo, na hiyo ilinisaidia: mikono yangu haikuwa na kazi nyingine ila kwenda mbele. Mara mbili nilisoma amri kwa sauti kabla ya kuituma, na chefu akaitikia kwa kichwa utadhani ameielewa.

Saa nne kasorobo daftari likafunguka kwenye ile seva iliyokuwa ikila vumbi. Rafu zote, katoni zote. Nilitaka kulia. Nje wateja wa Mongbwalu walikuwa wameanza kugonga geti.

Mama alitazama kioo cha kompyuta, kisha akamgeukia mlinzi. "Zima grupu. Na ile batri, nayo bakate. Nione kama itaamuka."

Nilitamani kukataa. Ilikuwa imebaki robo saa, na tayari nilikuwa nimeshinda. Mlinzi hakusogea. Safari hii alinitazama mimi kwanza, akingoja.

"Zima, muzee," nikamwambia.

Kila kitu kikafa. Chefu aliacha hata kutafuna. Kisha jenereta ikawashwa, taa ndogo za seva zikarudi moja moja, na maandishi yakaanza kuteremka kwenye kioo. Sikugusa kitu. Daftari likafunguka lenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa.

Mama akasoma jina la dawa ya kwanza na namba ya rafu, akaingia ndani, akarudi ameibeba katoni hiyo kifuani.

"Fungua geti," alimwambia mlinzi.