Dada yangu alifukuzwa madrasa kwa ulevi, kumbe ni dawa ya kifafa

Wakuu, salaam. Haya yalitokea nyumbani kwetu, sijaongeza chumvi, na mpaka leo yananichoma.

Ni miaka ya themanini, mtaani Baba Dogo. Dada yangu Zuhura alikuwa na kifafa, na alifundisha watoto kwenye madrasa ya mtaa. Kazi hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake.

Alipewa fenitoini, vidonge vya kifafa, asubuhi, mchana na jioni.

Fizi zikamvimba hadi zikafunika nusu ya meno. Kliniki wakamwambia eti apige mswaki vizuri. Hebu fikirieni, kumbe ni dawa ile ile!

Ramadhani ikaingia, akafunga. Kidonge cha mchana akawa anakiruka. Haikuchukua muda akaanguka kifafa mbele ya wanafunzi.

Daktari akaongeza dozi bila kuuliza kama anafunga. Na sisi, mabubu watupu, hatukusema.

Idi ikapita, akarudi kumeza vyote vitatu, tena kwa dozi mpya. Siku chache tu, dada anayumba, ulimi mzito, anatembea ameshika ukuta.

Mtaa ukaamua amelewa chang'aa. Eti alijizuia Mwezi Mtukufu, sasa anafidia.

Mwenyekiti wa kamati ya madrasa akaja kwetu, akamnusa mdomo mbele ya mama. Hakusikia harufu yoyote.

"Siku hizi kuna pombe haitoi harufu," akasema. Akamfukuza kazi papo hapo. Wakuu, nilikaribia kumrukia.

Nikampeleka kliniki nyingine. Tabibu wa huko, mama mmoja mpole, akamwambia afuate kidole chake kwa macho. Macho yakawa yanarukaruka.

"Unameza ngapi kwa siku, mama?"

Dada akamtajia. Tabibu akajumlisha, akatikisa kichwa. "Huyu hajalewa. Dawa imemzidi mwilini."

Akapunguza dozi. Baada ya wiki mbili dada anatembea vizuri.

Nikampelekea mwenyekiti barua ya tabibu. Akaja na wazee wawili, wakanywa kahawa yetu, ndipo akasema, "Zuhura, kamati imekusamehe. Rudi ufundishe."

Imekusamehe!

Dada akamtazama. "Mnanisamehe kosa gani?"

Mwenyekiti akainuka, akaaga. Dada hakurudi madrasa hiyo tena, na mtaani kuna waliomwita mlevi hadi tulipohama.

Basi, ukitumia dawa hizi na unataka kufunga, ongea na daktari kwanza. Na ukiona mtu anayumba, muulize anaumwa nini kabla ya kumnusa.

Wapo waliosema dada alikuwa na kiburi, angepokea msamaha yaishe. Semeni wakuu, nyinyi mngeupokea?