Raba Zilizochovywa Mafuta ya Taa

Breki iliyokamata naijua kwa harufu kabla sijaliona gari. Ni ukali wa chuma kilichopata moto, uliochanganyika na kitu kama nywele zilizoungua, na ukishakuingia puani hautoki upesi. Masika yale, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, harufu hiyo ilirudi na Baba kila siku kutoka Tunguu, alikokuwa akiwapeleka walimu wa chuo asubuhi na kuwarudisha mchana. Gari lilikuwa kuukuu, na safari za kupeleka watu pwani zilikuwa zimelilisha chumvi. Kutu ikashika pistoni za breki za mbele, zikawa zinabana na hazitaki kuachia. Watu wengi wakisimulia masika ya utotoni husimulia matope na michezo. Mimi nasimulia kwa hasira, na nimeona niseme mapema.

Nyumba yetu ilikuwa Mkunazini, ndani kabisa, kwenye kichochoro ambacho hata baiskeli hupita kwa kuomba radhi. Gari lilibaki barabarani Darajani, kwa hiyo breki ndizo zilizokuja nyumbani. Baba alilipandisha gari kwa jeki, nami nikakaa ndani nikikanyaga pedali polepole mpaka pistoni ikachungulia. Kisha akafungua kalipa, yaani lile koleo la chuma linalobana diski ya tairi, tukaitia ndani ya beseni la Mama na kuibeba mbele ya watu wote wa barazani. "Leo mnapika nini?" wakatuuliza. "Makongoro," Baba akajibu, nao wakacheka. Mama hakucheka, maana beseni lile ndilo alilokuwa akifulia nguo za kuendea harusini.

Kazi tuliifanyia uani. Baba alinipa mimi sehemu ya ndani, kwa sababu vidole vyake vinene havikufika kwenye mfereji mwembamba inamokaa raba. Niliichokoa raba ya zamani kwa kijiti cha mshikaki ili nisiukwaruze ukuta wa chuma, nikasugua kutu kwa msasa laini, nikafuta kwa spiriti. Baba alikuwa na sharti moja tu: raba ya breki haipakwi kitu kingine ila mafuta ya breki yenyewe. Ukiipaka petroli, oili au mafuta ya taa, itavimba kama maharage yaliyolowekwa, na ikishavimba inaing'ang'ania pistoni mpaka tairi likamate. Breki ya kulia tuliifanya pamoja, ikawa inabana na kuachia vizuri. Siku ya pili akaniambia ya kushoto ni yangu peke yangu. Nilifurahi kupita kiasi. Wavulana wa mtaa mzima walikuwepo, na Baba alikuwa ameniamini mimi.

Alipokwenda kusali alasiri, akaingia Ami Haji, kaka yake mkubwa, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi, aliyewahi kuendesha lori zamani na kwa sababu hiyo akajiona anajua kila kilicho na magurudumu.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Ndo mambo gani haya?" Akaziokota zile raba mpya mbili, akazibonyeza. "Kavu hizi, hazitoingia." Akaichukua chupa ya mafuta ya taa ya jiko la Mama, akazichovya.

"Ami, Baba kakataza!"

"Nyamaza! Mtoto wa kike utanfunza mimi gari? Nshaendesha lori babaako hajui hata kupiga honi."

Akazitia kwa mkono wake, akaisukuma pistoni, akanirudishia kalipa mapajani. Baba aliporudi alimkuta kaka yake amekaa anakunywa kahawa. Akaniuliza, "Raba umezipaka nini?" Ami akanitazama juu ya kikombe. Kwetu mtoto hamsemi mkubwa mbele ya mkubwa mwenziwe. Ukithubutu, wewe ndiye usiye na adabu na mamako ndiye hakukufunza. Nikajibu, "Mafuta ya breki, Baba." Uongo huo ni wangu, na simtupii mtu.

Siku ya nne tairi la kushoto lilikamata tukio likiwa katika njia ya Tunguu, mvua inanyesha. Gari likavutwa upande, likaingia mtaroni. Mwalimu mmoja alipasuka kipaji cha uso, Baba akavunjika mkono wa kulia. Fundi aliyeifungua breki alimwonyesha Baba vipande, kisha akavileta nyumbani, vikatiwa ndani ya lile lile beseni. Niliiona raba moja imenenepa, imelegea, inanuka mafuta ya taa ya jiko la Mama. Nikaificha kwenye kopo la poda.

Ijumaa, baada ya sala, ukoo ulikusanyika ukumbini. Ami Haji alikaa kwenye kiti cha Baba, akasema, "Kazi ya breki ukimpa mtoto wa kike, ndo haya." Nilimtazama Baba nikingoja aseme neno. Baba aliitazama plasta yake. Nikaambiwa niombe radhi. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya saruji nikambusu mkono Baba. Halafu, kwa kuwa Ami alisema siku ile nilimjibu, nikabusishwa na mkono wake pia, ule ule uliozichovya raba, sasa unanukia udi. Wanasema mkubwa ni jalala, kila taka hutupiwa yeye. Siku ile jalala nilikuwa mimi, na wakubwa wote walikuja kutupa. Spana zikafungiwa sandukuni, na Baba hakuniita tena kushika breki.

Siku hizi natengeneza breki nyumbani kwangu Fumba, uani, kwa beseni langu mwenyewe. Chumvi ya bahari inanipa kazi isiyokwisha, na wanaume wenye magari mapya wananiita fundi bila kuona tabu. Baba anaishi nami tangu Mama alipofariki. Mwezi uliopita tulimzika Ami Haji. Kabla jeneza halijatoka, ilitangazwa kama ilivyo desturi, nasi wanawake tukasikia tukiwa ndani: aliyekosewa na marehemu amsamehe. Ukumbi mzima ukaitikia, "Tumemsamehe." Mimi nilifunga mdomo. Bi mmoja aliyekaa karibu nami alinikazia macho, nami nikamkazia yangu.

Baada ya kisomo cha hitima nilimkuta Baba uani kwangu, nikamwekea kiganjani raba mbili, mpya na ile ya kwenye kopo la poda. Nilikuwa nimeyapanga maneno miaka yote hiyo. Nilitaka hatimaye ajue.

Akaigeuza ile ya zamani kwa kidole gumba. "Hii nnaijua," akasema. "Fundi alipoifungua tu, nliinusa. Mafuta ya taa. Nkajua si wewe."

"Ulijua? Na ukanipigisha magoti?"

"Yule kaka'angu mkubwa. Nngemvunjia heshima mbele za watu?"

"Na yangu, Baba?"

Miaka yote nilimchukia mtu mmoja, kumbe walikuwa wawili, na wa pili nimempikia uji asubuhi ile ile. Baba aliinama, akaokota spana kwa ule mkono uliounga vibaya, akaninyooshea kama zamani. "Haya, mwanangu. Endelea na kazi."

Spana niliipokea, maana gari la watu lilikuwa juu ya jeki. Nikapiga magoti kando ya tairi, na saruji ilikuwa baridi kama ile ya ukumbini kwetu. Baba alibaki amesimama nyuma yangu, na neno la kuniomba radhi, nililolingoja tangu nina miaka kumi na mmoja, hakulitamka.