Vidung'ata Kwenye Miforosadi

Mwaka ule vuli ilichelewa. Kila alasiri mawingu yalijikusanya juu ya ziwa, upepo ukavuma, kisha yakatawanyika. Nyuma ya nyumba yetu Mkolani nilikuwa na mistari sita ya miforosadi, na chumbani, kwenye nyungo, viwavi wa hariri, walao majani ya miti hiyo, waliobakiza siku chache waanze kusokota vifukofuko vya nyuzi. Kiwavi wa umri ule anakula mchana kutwa. Ukimnyima majani, hasokoti.

Ndipo machipukizi yakaanza kujikunja. Niliyafunua, nikakuta vidung'ata, wadudu weupe kama waliopakwa unga, wamejibana wakifyonza utomvu. Jua kali liliwafaa. Walizaana kuliko nilivyowahi kuona.

Mama mkwe, niliyekuwa nikiishi naye, alitoka na pampu ya dawa ya nyanya mgongoni.

"Shikamoo mama. Naomba usipige," nilisema, nikasimama mbele ya mti.

"Marahaba. Kwa hiyo tukae tunaangalia?"

"Dawa ikibaki kwenye jani, viwavi wote wanakufa."

Alitua pampu chini, lakini hakuirudisha stoo.

Nikaanza kuua kwa vidole. Hofu ilinitia haraka. Wakubwa, wenye manyoya marefu meupe, ndio niliowaponda kwanza, mpaka mama mkwe, aliyekuwa ameinama kwenye mti wa pili, akanishika mkono.

"Hebu acha. Huyu anakimbia. Wale wengine wamekaa tu."

Tukamtazama. Yule mwenye manyoya alimpanda kidung'ata, akamnyonya hadi ikabaki ngozi tupu. Kumbe alikuwa mtoto wa wale wadudu wadogo wa mviringo, wenye mgongo mgumu, wanaokula wadudu wenzao. Asubuhi nzima nilikuwa nikiwaua waliokuja kunisaidia.

Nililia. Mama mkwe hakunibembeleza. Alipanda bodaboda hadi Nyegezi, kwa mwanakwaya mwenzake aliyepanda mforosadi kwa ajili ya matunda, akarudi na gunia la majani.

Siku ya tatu mvua ilishuka kwa nguvu, ikavunja matawi na kuwapukutisha vidung'ata matopeni. Waliojificha kwenye mikunjo walimalizwa na wale wenye manyoya niliowabakiza. Viwavi wa nyungo mbili walikuwa wameshakufa kwa njaa. Waliosalia walisokota, ingawa vifukofuko vyao vilikuwa vyembamba.

Tulipokuwa tukivivuna, mama mkwe alisema bila kuniangalia, "Siku nyingine uniite kabla hujaanza kuua."

"Nitakuita, mama," nilijibu.