Bingwa Aliyening'inia kwenye Mizani ya Majani Chai

Miaka ile ya tisini nilikuwa karani wa mizani kwenye shamba moja la chai, huku upande wa Kapsoit. Shule niliacha darasa la tatu, lakini namba nilijua kusoma, na kupunguza nilijua zaidi. Mchumaji akitundika gunia, mshale ukisema ishirini, mimi naita kumi na nane. Mbili ni za gunia na maji ya mvua. Ndivyo tulivyofundishwa. Akina mama walikuwa wananiuliza, "Karani, hizo mbili unapelekea bibi yako?" Na bibi yangu mwenyewe alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, ananiangalia tu. Lakini hayo tuache, nilitaka kueleza habari ya bondia.

Alitoka upande wa ziwa, akaandikwa kiwandani kugeuza majani yakinyauka. Ngumi alijifunzia kwenye gunia la makapi ya chai, amelifunga kwa mti wa bulugamu. Kidogo kidogo akawa bingwa wa mkoa, uzani wa kilo hamsini na nne. Mimi ngumi zenyewe sikupenda sana, nilitaka kujua tu. Mtu mwembamba namna ile anaangushaje mtu? Nikamuuliza.

"Mzee, nguvu inatoka kwa kisigino," akasema.

Nilienda nyumbani nikapiga mlango nikifikiria kisigino. Mkono ulifura siku nne.

Sasa, akatakiwa kutetea ubingwa wake mjini Kericho dhidi ya kijana wa Nakuru. Akizidi uzani hata kidogo, ubingwa unaenda bila ngumi kurushwa. Wiki mbili alikimbia katikati ya chai amevaa koti la plastiki, akitema mate njiani. Nikauliza kama mate nayo yana uzito. Akasema, "Pima yako uone."

Siku moja kabla ya pigano alikuja kwangu apimwe, jasho linamtiririka kama maji, akashika ndoano ya mizani akakunja miguu. Mshale ulikuwa nyuma ya kichwa chake, hangeweza kuuona. Niliusoma vizuri kabisa: hamsini na sita. Mdomo ukasema, "Hamsini na nne!"

Wachumaji wakapiga makofi. Akaruka chini, akaenda kula ugali kidogo na kulala. Mimi sikugundua kitu. Mtu akifanya kazi moja miaka kumi, mdomo haungojei kichwa.

Asubuhi, mizani ya waamuzi ilisema hamsini na tano na nusu. Alinitafuta kwa macho kwenye ule umati. Hapo ndipo nilipokumbuka mshale.

"Karani, ulinipunguza?"

"Nilipunguza ya maji."

"Maji gani, omera, ndugu yangu? Mimi ni majani?"

Waamuzi walimpa saa moja apunguze. Nikavua koti langu zito nikamvalisha juu ya lile la plastiki, akazunguka uwanja, na mimi nikakimbia nyuma yake. Kwa nini nilikimbia? Sijui, mimi sikuwa napimwa. Akanyolewa kichwa. Akapimwa uchi nyuma ya shuka. Mshale ukasimama hamsini na nne kamili.

Kwa hivyo alipigana. Raundi ya kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Ya pili miguu ikawa mizito, na nikaona kwa macho yangu ile habari ya kisigino: ngumi zilifika, lakini hazikuwa na mtu ndani. Ya tatu alisimama tu asianguke. Mkono ulioinuliwa ulikuwa wa yule wa Nakuru.

Nilimfuata alikokuwa anafunguliwa bandeji. Nikamwambia kosa ni langu, nitamwambia hata meneja.

"Meneja atafanya nini, atanirudishia?" Akavuta bandeji iliyobaki. "Hiyo kilo hamsini na nne ilikuwa inaniua hata kabla yako. Mwaka ujao napigana na wakubwa."

Na kweli alipanda uzani. Alipigana miaka mitatu, alishinda na kushindwa, ubingwa hakuupata tena. Lakini siku ile ya kushindwa, pale pale kwenye bandeji, mimi bado nilimuuliza ngumi ya mtu aliyeshiba inasikika namna gani kwa tumbo tupu.

Alinijibu. Lakini hayo maneno siwezi kuandika hapa, watoto wanasoma.