Bia ya Mwenye Nyumba

Sikuwahi kumwogopa mwenye nyumba wangu wa Kariakoo, ingawa yeye alizoea kuogopwa. Alikuwa na ghorofa, alikuwa mzee wa kanisa, na wapangaji wote wa fremu za chini walimwamkia kabla hajawafikia. Fremu yangu ilikuwa grosari: friji, meza chache, bia na soda. Wateja wangu walikuwa wapagazi na wauza vitenge, watu wa kunywa moja wakaenda zao nyumbani.

Mzee mwenyewe hakuja kunywa kwangu hata siku moja. Mzee wa kanisa aonekane grosari? Kiu yake aliituma. Jioni moja alishuka mjukuu wake, binti wa darasa la tatu, bado yuko na sare ya shule, mkononi kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa.

"Shikamoo mama. Babu amesema bia mbili za baridi."

"Marahaba. Mwambie babu mama amekataa."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana babu yake. Kwa desturi ya mtaani kwetu, nilikuwa nimemtukana kweli. Mtoto aliyetumwa ni mkubwa wake amesimama pale. Ukimrudisha mikono mitupu, umemrudisha mkubwa. Sote tulikua hivyo, tukitumwa chumvi, mafuta ya taa, sigara, hata pombe. Nilimpa soda, akapanda ngazi.

Mzee alishuka kwa mlango wa uani, asionekane.

"Hivi wewe, mjukuu wangu unamfukuza?"

"Sijamfukuza, mzee. Bia ndo simuuzii."

"Si nimemtuma mimi! Kwani anakunywa yeye?"

"Polisi wakija watambeba aliyeuza. Wewe utakuwa huko juu unaangalia taarifa ya habari."

Nikamwonyesha maandishi kwenye chupa: hairuhusiwi kuuzwa kwa aliye chini ya miaka kumi na minane. Kisha nikamvutia kiti. "Kaa hapa, nikufungulie." Akautazama mlango wa barabarani, akabaki amesimama. Akaniambia mkataba wangu ukiisha nisijisumbue kuuliza.

Iliniuma sana. Grosari ile ndiyo iliyokuwa inasomesha wanangu. Wauza vitenge wakanisihi nikaombe radhi: "Dada, bia mbili tu, shida iko wapi?" Nikawaambia siombi radhi kwa kufuata sheria, hata ghorofa lingekuwa la dhahabu. Mkataba ulipoisha nilipakia friji yangu kwenye guta, nikahamia Buguruni, jirani na gereji, nikaanza upya na hasira zangu.

Fremu akapewa kijana mmoja mpole, asiyejua kumkatalia mwenye nyumba. Binti akaendelea kushuka na kikapu chake. Siku moja polisi walifanya msako, wakamkuta kijana anampangia mtoto chupa ndani ya kikapu. Wakawachukua wote wawili hadi kituoni. Kijana akaomba kitu kimoja tu, mzee aje aseme kwamba ndiye aliyetuma.

Mzee akaja. Akasema yeye hanywi pombe, na hajui mtoto alikuwa anamnunulia nani. Alisema hivyo mbele ya mjukuu wake, na hilo ndilo sijamsamehe. Kijana akafikishwa mahakamani, akapigwa faini, leseni ikafutwa. Sasa hivi anabeba mizigo sokoni.

Mwezi uliopita simu yangu iliita, namba ya mzee. Nikapokea nikiwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nikasikia sauti ndogo.

"Shikamoo mama. Babu amesema fremu iko wazi. Amesema urudi, yaliyopita yamepita."

Nyuma yake nilimsikia mzee akikohoa.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Mwambie babu mama amekataa."