Beji Niliyoitundika Msumarini

Nakumbuka siku moja niliyoitwa na Mzee Shomari, mkuu wa chumba cha eksirei katika hospitali niliyoanzia kazi, hapa Bagamoyo. Nilikuwa na mimba ya miezi minne, na majibu ya beji yalikuwa yamerudi.

Beji hiyo, mwanangu, ni kidude tunachovaa kifuani. Hakichomi wala hakitoi tone la damu. Kinatunza tu hesabu ya mionzi inayokufikia, na kila baada ya miezi mitatu kinapelekwa kusomwa.

"Mwanahamisi, yako imepanda kuliko zetu sote," akasema. "Mashine itafungwa ichunguzwe. Na wewe, na huyo mtoto..."

Mimi nilijua kwa nini imepanda. Nilikuwa msichana wa kupenda kupendeza (wazee wenzangu watacheka), na kidude kile kiliniharibia gauni. Basi nikawa nakitundika msumarini karibu na mashine, mimi nasimama nyuma ya ukuta wa kukinga mionzi. Kilipigwa mionzi kila mgonjwa alipopigwa picha.

Ningenyamaza, nani angejua? Lakini mashine ikifungwa, wagonjwa wa Saadani na Miono wangepelekwa hadi Dar na mifupa yao iliyovunjika, kisa urembo wangu. Nikasema yote, huku nalia.

Mzee akaniambia, "Kipimo kazi yake kusema kweli. Wewe umekifundisha uongo. Sasa kweli yako tutaitoa wapi?"

Alimwita mtaalamu wa mionzi, naye akaipima pale nilipozoea kusimama. Ilikuwa kidogo mno. Nikapumua. Barua ya onyo nilipewa hata hivyo, na nilistahili.

Kisha mzee akanikabidhi beji za chumba kizima, nizigawe na kuzikusanya. "Aliyeungua ndiye aujuaye moto," akasema. Nilizisimamia mpaka nikastaafu, na sikumwacha mtu aingie kazini bila yake, hata daktari mkubwa. Hilo najivunia kuliko vyeti vyangu vyote. Na binti yangu alizaliwa mzima, sauti yake ikasikika wodi nzima.

Mwanangu, usidharau kipimo kwa kuwa hakiumi. Kivae hata kisipokupendezesha, na ukikosea, sema mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mola akujaalie afya na ulimi usioogopa kweli, na kazi ya mikono yako iwe fahari kwa waliokulea. Amin.