Kanga Iliyokosa Jina

Kwetu Unguja mwanamke hanunui kanga kabla ya kusoma jina lake. Rangi zitamvuta, maua yatampendeza, atapapasa kitambaa kuona kama ni kizito, lakini kabla ya kutoa pesa ataikunjua mpaka sehemu ya chini asome yale maneno. Kanga moja huomba radhi, nyingine hutangaza mapenzi, na nyingine humrushia jirani kijembe bila aliyeivaa kufungua mdomo. Ukimpa mtu kanga, umemwambia neno. Basi usimpe usiyoisoma, na yeye hapokei asiyoisoma.

Mambo haya nimeyajua tangu utotoni. Sikutarajia tu kwamba siku moja yangenifuata kwenye kompyuta.

Kazi yangu ni kufundisha vijana kompyuta, katika chumba cha juu cha nyumba moja ya Mji Mkongwe. Nikipata nafasi, ninajitolea kwenye injini ya kivinjari cha chanzo huria. Watu wengi hunitazama kwa huruma nikisema hivyo, kwa hiyo huwaeleza kidogo kidogo. Kivinjari ni ile programu unayofungulia kurasa za mtandao. Ukurasa haufiki kwenye simu yako ukiwa picha iliyokamilika. Unafika ukiwa maelekezo: hapa weka picha, huku weka maneno, rangi iwe hivi, upana uwe vile. Injini ndiyo fundi cherehani wa kivinjari. Inasoma maelekezo, inapima, inakata, inashona, na wewe unaona nguo iliyokwisha.

Injini nyingi zinazotumika duniani ni za kampuni kubwa. Yetu haina mwenyewe. Msimbo wake uko wazi, anayetaka ausome, anayeweza autengeneze. Bado ni changa, na hilo ndilo linalonipendeza, kwa sababu kila toleo linakuja na jambo jipya ililojifunza. Msimu ule ilikuwa imejifunza mawili kwa pamoja: kupanga vitu kwa safu na mistari, kama vigae vya sakafuni, na kulinda umbo la kitu, ili picha ndefu ibaki ndefu hata kioo kikiwa chembamba. Nilifurahi kama mtu aliyemsikia mtoto wa nyumbani akitamka neno lake la kwanza.

Faida yake niliiona mikononi mwa jamaa zangu. Hoteli moja ya Paje ilibadilisha tableti zake, na zile kuukuu nikapewa mimi. Zilikuwa nzima, ila vivinjari vyake vilikuwa vimezeeka, kila ukurasa ukifunguliwa unakataa. Nikavitoa, nikatia kile chetu, chepesi, kisha nikazigawa kwenye ukoo. Moja nilimpa mama mkubwa, dada yao mama zangu, siku chache kabla hajarudi Maskati anakoishi na wanawe.

Baada ya Idi, mama mdogo akawa anamwoza binti yake wa mwisho. Harusi ya kwetu ina sare: wanawake wote wa ukoo huvaa kanga ya aina moja, na ukiwaona wamesimama pamoja utadhani bustani imeota miguu. Mama mdogo alikwenda Darajani akapata kanga anayoitaka, mji wake, yaani pale katikati, mweupe wenye vikonyo vya karafuu, pindo jekundu. Mwenye duka akakubali kumwekea robota zima mpaka Ijumaa baada ya sala. Ikipita hapo, anauza.

Picha zikatumwa kwenye kundi la simu la wanawake wa ukoo. Zikamezwa. Juu yake zilikuja dua, sauti, maua ya asubuhi njema, na picha ya pweza ambaye mpaka leo hatujui ni wa nani. Hakuna aliyejua kanga ipi ndiyo iliyochaguliwa. Mama mdogo akanijia chumba cha darasa akihema kwa ngazi.

"Wewe si fundi wa mitandao? Nitengenezee mahali pamoja. Kanga ikae, watu waione, waseme doti ngapi. Sitaki pweza."

Nilitengeneza ukurasa kwa raha zote, nikatumia zile kanuni mpya mbili. Kanga ilikaa kwenye kisanduku chenye mstari mwekundu kukizunguka. Kwenye kompyuta yangu, ambayo ina kivinjari kingine, ulipendeza mno. Nikautuma.

Jioni simu ikalia kutoka Maskati.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Jina liko wapi?"

"Jina gani?"

"Nnakuuliza wewe. Kanga nnaiona. Pindo la juu nnaliona, la huku nnaliona, la kule nnaliona, karafuu nnaziona. Chini pamekatwa kama palipoliwa na panya. Jina mmelificha kwa nini?"

"Hakuna aliyeficha, mama mkubwa. Labda hiyo tableti..."

"Tableti si umenipa wewe? Mwambie mdogo wangu, ikiwa ni ile biriani, na aseme waziwazi."

Ile biriani ilikuwa ya harusi iliyotangulia. Aliipika mama mdogo, na mama mkubwa alitamka mbele za watu kwamba ikikosekana bahari, chumvi itapatikana sufuriani. Walicheka wote siku ile, lakini neno kama hilo halifi. Mama mkubwa alikuwa akisubiri jibu lake, na sasa aliamini limekuja kwa kanga, tena kwa kanga iliyokatwa jina ili ukoo mzima ulivae kabla yeye hajajua.

Mama mdogo aliposikia, alikaa chini barazani.

"Mimi? Ningetaka kumpiga kijembe ningemnunulia yake peke yake! Niwavishe watu wote wa nyumba hii, na mimi mwenyewe niivae, kwa ajili ya chumvi?"

Tukampelekea mama mkubwa picha ya kanga nzima, jina likisomeka wazi. Sauti yake ikarudi hapohapo: "Hiyo mmeipiga leo. Nyie ni hodari, mnaweza kuitia kanga jina jengine. Mie nataka nilione jina palepale lilipofichwa. Nisipoliona, sivai. Na nisipovaa sare, nije harusini kufanya nini, kupanga viti?"

Hapo mama mdogo akaiweka simu chini. Wazazi wao wametangulia mbele ya haki, na mama mkubwa ndiye aliyebaki badala yao. Ndiye anayekaa mbele, ndiye anayemshika bi harusi mkono. Asipokuja, binti angeolewa, lakini mama yake asingefurahi siku ile wala siku nyingine akiikumbuka.

Mama yangu ni wa katikati yao, na kazi yake ya maisha ni kupatanisha. Akanigeukia. "Mwanangu, hiyo injini yenu inatengenezeka?"

Kurekebisha ukurasa kungekuwa rahisi. Ningeziondoa kanuni mpya, jina lingeonekana. Lakini mama mkubwa angeona ukurasa mwingine na kusema tumeugeuza. Alitaka ukurasa uleule, kwenye kioo kilekile, useme kweli. Na kwa hakika kosa halikuwa la ukurasa. Nilifungua tableti nyingine miongoni mwa zile za Paje, na kweli, chini pamekatwa.

Sikuwahi kutengeneza kiini cha injini. Mimi nilikuwa natafsiri maneno ya menyu na kuripoti makosa ninayoyaona. Nilisoma sehemu ile ya msimbo asubuhi nzima nisione kitu. Kilichonifumbua macho ni mama mdogo, aliyekuwa barazani akipinda kanga zake za zamani, mdomoni amebana sindano.

Kanga huuzwa mbili zikiwa zimeshikana, doti. Unazikata katikati, kisha unapinda ule ukingo uliokatwa ili usichanike. Anayekata bila kukumbuka kwamba kuna kupinda, kanga yake inatoka fupi. Nikamtazama anavyokunja ukingo, nikarudi kwenye kompyuta mbio. Injini ilikuwa ikichukua upana wa kisanduku na kutoka hapo kukisia urefu, ili umbo la kanga libaki. Mstari mwekundu wa kuzunguka ilikuwa ikiuhesabu pembeni, lakini juu na chini iliusahau. Kisanduku kikatoka kifupi, na kilichozidi kikakatwa. Kilichozidi ni pindo la chini na jina.

Hata ukilijua kosa, kwenye mradi wetu hulitengenezi kimyakimya. Lazima utoe jaribio: ukurasa mdogo kabisa unaoonyesha kosa, ukae humo daima, ili atakayeligusa jambo hilo baadaye asilirudishe. Jaribio halitaki mapambo. Nikachora kanga ya kimaskini: kisanduku cheupe, mstari wa kuzunguka, na chini ukanda wa kijani mahali pa jina. Kijani kikionekana chote, injini imefaulu.

Mama mdogo akaja kuchungulia. "Ndo nini hii?"

"Kanga yako."

"Hii? Hata deki sipigii."

Nikatuma jaribio pamoja na marekebisho yangu, mistari michache tu. Mwenzetu anayepitia kazi za sehemu ile anaishi nchi ya baridi, hatujaonana. Aliniuliza kwa upole kwa nini kisanduku kina umbo la ajabu namna ile. Nikamweleza kanga ni nini, mji, pindo na jina, na kwa nini chini yake ni muhimu kuliko juu. Nikamweleza na biriani. Alijibu kwamba amepokea ripoti nyingi za makosa, lakini hii ni ya kwanza yenye bi harusi. Kisha akanirudisha kazini: mahali pamoja nimesahau kisanduku kisicho na mstari wowote, nako hesabu ingeharibika. Alisema kweli. Nikatengeneza, nikamshukuru. Alhamisi alasiri akaipokea, na kwa kuwa toleo jipya la majaribio, lile lililomo kwenye tableti zetu, hujengwa kila siku, tulisubiri la siku ile. Mama mdogo alikuwa ameshachemsha chai ya tangawizi ambayo hakuna aliyeinywa.

Nikampigia mama mkubwa kwa video. Kamera ya simu yake alikuwa ameielekeza darini, tukawa tunazungumza na feni.

"Bonyeza hapo pa kusasisha, mama mkubwa. Palipo na mshale."

"Nshabonyeza. Kinazunguka."

"Kiache kizunguke."

"Kimekufa."

"Hakijafa. Kinavaa nguo mpya."

Tukasikia wanawe wanacheka nyuma yake. Mama mdogo alikuwa amenishika bega, kucha zake zinanichoma. Feni ya Maskati ikaendelea kuzunguka.

"Pindo la chini nnaliona," mama mkubwa akasema taratibu. Kisha akasoma, kwa sauti ya mtu aliyefundishwa kusoma kwa kutamka kila kitu: "Tumejaliwa... tufurahi."

Akasoma tena.

"Ndo hilo?"

"Ndo hilo, dada," mama mdogo akajibu mwenyewe. Zilikuwa siku kadhaa hawajasemezana.

"Hilo tu? Hamna jengine huku chini?"

"Hamna! Ulikuwa wataka lipi?"

"Loh! Na mie nshanunua ya kujibu!"

Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Mama yangu alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. Kutoka kwenye feni sauti ya mama mkubwa ilisikika ikikemea watu waache kucheka, naye mwenyewe anacheka kuliko wote. "Niandikieni doti," akasema alipopata pumzi. "Yangu na ya wanangu wote. Na hiyo biriani safari hii nnapika mie."

Kesho yake baada ya sala tulikwenda Darajani kuchukua robota. Harusini mama mkubwa alikaa mbele, karafuu zimemkaa mabegani, na kila mgeni aliyeisifu kanga aliambiwa kwamba hii si kanga ya kawaida, hii imo ndani ya mtandao, mitambo ya Ulaya inaipima kila siku. Wengi walidhani ni uzee. Lakini ni kweli. Lile jaribio bado limo, na kila mtu anapobadilisha kitu kwenye injini yetu, popote alipo, kanga yetu isiyofaa hata kupigia deki inakunjuliwa na kukaguliwa kama jina lake lipo.

Siku ya kuondoka nilimfungia mama mkubwa mizigo. Tableti aliikabidhi mwisho, imezungushiwa kanga mpya ya zambarau ambayo sikuwahi kumwona ameivaa. Ilikuwa imekunjwa kwa ustadi, maua nje, jina ndani.

"Ndiyo ile ya kujibu?" nikamuuliza. "Hebu nisome."

Akaninyang'anya, akaitia mkobani, akafunga zipu.

"Huisomi," akasema. "Biriani zipo nyingi."